Mpwa Alipoibeba Jenereta

Haya, jibu hiki: mtoto si wangu, simlishi, simvishi, wala simkanyi, lakini siku akija kwangu akautaka mkeka nilioukalia, nainuka nampa, na kununa siruhusiwi. Ni nani huyo? Usijikune kichwa bure, mji wako ubaki nao. Ni mtoto wa dada. Kwetu Fiji tunamwita vasu, na kijiji alikozaliwa mama yake ni kama kapu lake mwenyewe, anatia mkono apendapo. Akitaka kuku, anapewa. Akitaka nguruwe, anapewa, na wajomba wanapiga makofi ya heshima, polepole, viganja vimekunjwa, utadhani wao ndio waliopewa.

Sasa umeshajua. Twende Waidrasa.

Ilikuwa Jumatano. Unaisi alirudi kutoka shamba na gunia la nazi mgongoni, akapitia banda la chama cha akina mama ili alitue. Akakuta mlango wazi. Mashine ya kukuna nazi ipo, kinu cha kukamulia kipo, madumu yamepangwa ukutani kama alivyoyaacha. Lakini pale pembeni, mahali pa jenereta, palikuwa na doa la oili sakafuni na michirizi ya kitu kizito kilichoburutwa hadi mlangoni.

Hakupiga kelele. Alitua gunia, akajifuta uso kwa upande wa nguo, akaenda nyumbani kwake.

Mumewe, Peniasi, alikuwa amekaa kizingitini anakula muhogo wa kuchemsha na chai. Alikuwa na uso wa mtu aliyefanya jambo la maana na anangoja kuulizwa.

“Baba Kelera, jenereta iko wapi?”

“Kaa kwanza unywe chai.”

“Nimekuuliza jenereta.”

“Isikeli alikuja.” Peniasi alipangusa midomo. “Na amekuja vizuri, mama. Na fungu lake la mizizi ya kava ya kunywesha wazee, akakaa pale chini, akaomba kama watu wanavyoomba. Vijana wa siku hizi wanapiga simu tu, mjomba nitumie. Huyu kavuka maji.”

“Akaomba nini?”

“Si ndiyo hiyo jenereta.”

“Na wewe ukampa.”

“Ulitaka nimpe mgongo? Mtoto wa dada yangu!”

Unaisi aliingia ndani akatazama msumari juu ya kitanda, mahali anapotundika ufunguo wa banda. Ufunguo ulikuwepo, umerudishwa vizuri kabisa. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mtu ametumia akiba ya imani aliyopewa mkewe, kisha akaitundika mahali pake bila hata kusita.

Akarudi kizingitini. “Ile mashine ni mali ya nani?”

“Niliipokea mimi. Siku shirika lilipoileta, nani alikaa mbele? Nani aliipigia makofi kwa niaba ya ukoo?”

“Ulipiga makofi, hukukuna nazi. Na sikukuuliza nani aliipokea. Nimekuuliza ni mali ya nani.”

Peniasi aliinua kikombe akakuta kimekwisha. Akakiinua tena, akanywa kisichokuwemo.

Ujue jambo hili lilivyokuwa. Shirika la kule Suva na akina mama wa Waidrasa walikubaliana maneno mepesi ambayo hata mtoto angeyashika. Shirika litaleta mashine. Akina mama watajenga banda, wataleta nazi na mikono yao. Kila chupa ya mafuta ikiuzwa, sehemu inaingia kwenye kopo la petroli na matengenezo, na nyingine wanagawana. Mwaka ukiisha, shirika litakuja kuangalia. Likikuta kila kitu kipo na kinafanya kazi, litaongeza kinu cha pili na kuwaunganisha na mtengeneza sabuni anayechukua mafuta yote, bila wao kuhangaika sokoni. Wasipokuwa na kitu, basi, mashine zinakwenda kijiji kingine; vijiji vinavyongoja si haba.

Na mwaka ulikuwa umekwisha. Dada Shaleni wa shirika alikuwa anakuja Ijumaa.

Kwa mafuta hayo wanawake wa Waidrasa walikuwa wameanza kulipa ada za shule na nauli za boti ya kwenda hospitali. Unaisi, aliyekuwa akimwomba mumewe hela ya sabuni na kuambiwa ile ya juzi imekwenda wapi, sasa yeye ndiye aliyekuwa akimnunulia mume nyembe za kunyolea. Alikuwa hajamwambia mtu jinsi alivyokuwa akijisikia pale dukani, anapofungua kibindo bila kutazama nyuma.

*

Jioni hiyohiyo akina mama walikaa bandani. Habari ilikuwa imewafikia kabla ya Unaisi. Waidrasa ni kijiji, si mji.

Aliyeanza ni Bibi Torika, mkubwa wao kwa umri na kwa ulimi.

“Ufunguo wa chama tunautundika juu ya kitanda cha mwanamume, kisha tunashangaa jenereta kuota miguu.”

Walicheka. Unaisi naye alijaribu kucheka, mdomo ukakataa.

“Tuazime ya dukani,” alisema Akosita, mke wa mwalimu. “Tuipake rangi ya kijani. Shaleni atajuaje?”

“Shaleni?” Bibi Torika aligeuka. “Yule aliyehesabu mpaka vizibo vya chupa? Utampaka rangi wewe kwanza.”

“Hatumdanganyi,” alisema Unaisi.

“Sasa utamwambia nini, mwanangu? Kwamba mumeo ni mkarimu?”

“Nitamwambia ilivyokuwa.”

“Mwambie pia hasara yetu tutaidai kwa nani,” alidakia mmoja kutoka nyuma. “Mimi mwanangu yuko kidato cha tatu. Karo yake imo kwenye hicho kinu cha pili.”

Mwenye kusema hakuwa na ubaya, alikuwa na mtoto. Unaisi alifungua ncha ya nguo yake alikokuwa ameufunga ufunguo, akaunyoosha mbele kwa mikono miwili. Hakuna aliyemwambia abaki nao. Akosita aliuchukua bila kumtazama usoni. Mwaka mzima Unaisi alikuwa wa kwanza kufungua banda alfajiri na wa mwisho kulifunga, na yote yale yalipita kwenye kiganja cha mtu mwingine kwa mara moja.

“Haya, tumemaliza kuaibishana,” alisema Bibi Torika. “Mafuta ya kumwonyesha mnunuzi yanatakiwa Ijumaa. Mbuzi zenu ziko wapi?”

“Mbuzi zipi, bibi?”

“Mbuzi za kukunia! Au mlishazichoma kuni mlipopata umeme? Kabla ya jenereta tulikuwa na mikono. Nani hapa kaiuza yake?”

Wakaenda kuzitafuta jikoni, nyuma ya magunia, chini ya vitanda vya wakwe. Zilitoka na kutu, wakazisugua kwa mchanga. Mpaka jua linatua, banda zima lilikuwa linakwaruza, kra, kra, kra, na Bibi Torika akiwaambia walioinuka kunyoosha viuno kwamba wakati wake walikuwa wanazaa na kurudi kukuna.

*

Kelera, binti yao Unaisi na Peniasi, alikuwa nyumbani kwa likizo. Ni muuguzi hospitali ya mjini, na mdomo wake aliurithi kwa shangazi zake. Aliposikia, alicheka mpaka akashika mbavu.

“Unacheka nini?” mama yake alimuuliza. “Nimenyang'anywa ufunguo mbele ya watu.”

“Mama, wewe umezaliwa wapi?”

“Nasauva. Unajua.”

“Na Isikeli ni wa wapi?”

“Nasauva.”

“Baba yake Isikeli ni nani wako?”

“Kaka yangu.” Unaisi alianza kumtazama vizuri.

“Basi. Dada yake baba aliolewa kwenu, na wewe ukaolewa kwetu. Isikeli akija hapa ni mtoto wa dada, anachukua. Mimi nikienda Nasauva ni nani?”

Unaisi alikaa chini taratibu.

“Lakini wewe ni mwanamke.”

“Damu ya mama inauliza hilo?”

Asubuhi ya Alhamisi wakapanda boti ya abiria.

*

Huko Nasauva walimkuta Isikeli kwenye banda jipya la bati karibu na gati. Alikuwa ameleta meza ya biliadi kutoka mjini, na pembeni friji la soda, na taa, na redio yenye spika mbili kubwa kama makabati. Nyuma ya ukuta jenereta ya kijani ilikuwa inanguruma. Vijana na wazee walikuwa wamejaa, fimbo za kuchezea mikononi.

Alipomwona Unaisi alizima redio mbio, akainamisha kichwa na kuchuchumaa. Mbele ya dada wa baba hasimami mtu.

“Shangazi! Ungesema tukupokee.”

“Nimekuja kwetu. Mtu hupokewa kwao?”

Mkeka ukatandikwa, soda zikaletwa. Kelera akakataa soda.

“Binamu, umenenepa,” alisema. “Jenereta ya watu inanenepesha hivyo?”

“Na wewe umekonda. Hospitali wanakula chakula cha wagonjwa, wauguzi mnakula harufu.” Watu wakacheka, maana hao wawili ni watani kwa kuzaliwa, mtoto wa kaka na mtoto wa dada, na wanaweza kuambiana lolote.

“Mwenzio nimekuja na shida.” Kelera alikunja miguu vizuri, akapiga makofi ya viganja vilivyokunjwa, na sauti yake ikabadilika. “Mama yangu alizaliwa katika kijiji hiki. Nimekuja kwa wajomba zangu. Nimekuja kuchukua.”

Kicheko kikakatika. Mzee mmoja aliweka fimbo ya biliadi mezani.

“Chukua,” alisema Isikeli. Angesema nini? “Kuku wale pale. Mikeka. Magimbi ya shamba lote lile.”

“Nataka ile inayonguruma.”

Yule mzee akaanza kucheka, na wote wakafuata, wanapigana mabega. “Amekunasa!” “Kachukue kwa mjomba, nawe uchukuliwe!” Isikeli aliona haya, kisha akacheka naye, maana kijana huyo hakuwa na roho mbaya, alikuwa na haraka tu ya kuitwa mtu mkubwa. Akapiga makofi. “Binamu, umenipiga. Chukua.”

Kelera alikuwa ameshainuka. Unaisi akamshika pindo la gauni.

“Kaa.”

“Mama, ameshasema nichukue!”

“Kaa chini.” Akamgeukia Isikeli. “Siichukui kwa njia hii. Nikiichukua hivi, nimekubali kwamba uliipata kwa haki, na sisi tumeipata kwa ujanja. Leo Kelera yupo. Kesho atakuja mpwa mwingine, mwenye wajomba wengine, na mtoto wa Akosita hatakuwa na pa kwenda kuchukua. Wanangu, sikilizeni. Wenye mashine ile ni wake walioolewa Waidrasa. Torika katoka visiwa vya mbali. Akosita wa milimani. Mimi nimetoka hapa. Isikeli, katika sisi sote, yupi aliyezaliwa tumbo moja na mama yako?”

Isikeli aliwahesabu kwa vidole, mmoja mmoja.

“Hakuna,” alisema mwishowe.

“Basi ulichukua kwa watu ambao wewe kwao si mpwa. Ni mgeni tu.”

Maneno hayo yalimwingia. Lakini naye alikuwa na heshima yake ya kulinda, na watu walikuwa wanamtazama.

“Shangazi, mimi sikuvunja mlango. Nilikwenda na kava, mjomba alinipa mchana kweupe. Nikiirudisha kimyakimya nitaitwa mwizi hadi nizeeke. Kesho nitaileta mwenyewe kwa boti. Ila haishuki mpaka mjomba aseme mbele yangu ni mali ya nani. Akisema ni ya ukoo wake, alinipa kihalali, nageuza boti narudi nayo.”

Kelera alimkodolea mama yake macho: kataa, mama. Unaisi aliwaza jinsi Peniasi alivyoinua kikombe kitupu.

“Njoo,” alisema.

Njiani Kelera hakujizuia. “Ilikuwa mkononi! Mama, ilikuwa mkononi kabisa, umeirudisha mwenyewe, na sasa yote yako kwenye shingo ngumu ya baba!”

“Najua iko kwenye nini,” alisema Unaisi.

Nyumbani alimweleza mumewe neno kwa neno. Peniasi alisikiliza hadi mwisho.

“Unataka nijivue nguo mbele ya wageni,” alisema.

“Sitaki ujivue kitu. Nataka unijibu lile nililokuuliza Jumatano.”

Peniasi alitoka nje akaenda kutazama magimbi yake.

*

Ijumaa Dada Shaleni alifika na boti ya asubuhi, mkoba begani na viatu mkononi. Alileta kava kama inavyopasa, na wanaume wakaipokea, Peniasi akiwa mbele, kwenye sulu yake ya kanisani, ile shuka ya kiunoni, uso umefungwa kama barua. Shaleni ni mtoto wa Fiji, wazee wake walikuja zamani kutoka ng'ambo kulima miwa, na adabu ya kwetu anaijua kuliko wengine wetu. Alipomaliza hapo akaenda bandani.

Chupa zilikuwa zimepangwa mezani, mafuta meupe kama maji ya chemchemi, mengi kuliko aliyoahidiwa. Akina mama walikuwa wamesimama nyuma yake na mikono imefungwa vitambaa. Akachukua chupa, akainusa, akamwaga tone kiganjani.

“Haya ni mazuri. Ni mazuri kuliko ya mwezi uliopita.” Kisha akatazama pembeni, kwenye doa la oili. “Jenereta?”

Akosita alikohoa. Bibi Torika, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakuwa na la kusema. Unaisi akasogea mbele.

“Mume wangu alimpa mtoto wa dada yake. Ufunguo ulikuwa kwangu. Nazi za mafuta haya tumezikuna kwa mikono.”

Shaleni alitazama vile vitambaa mikononi mwao, mmoja baada ya mwingine.

“Kwetu sisi vasu hatuna,” alisema. “Tuna mashemeji. Ni yaleyale.”

Banda likapasuka kwa kicheko, na Bibi Torika akapata ulimi wake: “Mwacheni huyu, huyu ni wetu!” Lakini Shaleni aliweka chupa chini, naye hakuwa akicheka tena.

“Dada zangu, kazi yenu naiona. Ningekuwa naamua peke yangu tungekwisha kunywa chai. Lakini ofisini wataniuliza jambo moja, na mimi nawauliza ninyi. Siku akija tena mtu mwenye mila yake mkononi, nani hapa atasema hapana? Msinijibu ninyi, mmeshanijibu kwa hii mikono. Nataka kujua kijiji kinasema nini.”

Kabla hajajibiwa, injini ya boti ilisikika ikipunguza kasi.

Wote wakateremka ufukweni. Isikeli alikuwa amevaa shati jeupe, amesimama nyuma ya jenereta iliyofungwa kamba katikati ya boti. Hakuitia boti nchi kavu. Aliteremka, akaishikilia mahali maji yalipomfika kiunoni, akapaza sauti:

“Mjomba! Nimerudi na ulichonipa. Niambie mbele ya watu hawa. Ni mali ya nani?”

Wanaume waliokuwa wakinywa kava walikuwa wametoka wote. Wazee wa ukoo walisimama mstari mmoja na Peniasi katikati yao. Unaisi alikuwa upande wa pili na wanawake wenzake. Hakumtazama mumewe kwa kumwomba. Alinyoosha shingo na kungoja, kama mwenye haki anavyongoja, na Akosita, aliyekuwa kando yake, alimtia ufunguo kiganjani bila kusema neno.

Mzee mmoja alimnong'oneza Peniasi: “Sema ya ukoo, mambo yaishe. Mtoto wa watu usimtie aibu.”

Peniasi alitoka mstarini. Aliingia majini na sulu yake ya kanisani, ikalowa magotini, ikalowa mapajani, hata akaushika ukingo wa boti. Alizungumza kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia kusemea ukoo siku za mapokezi, ili asiwepo wa kusema hakusikia.

“Isikeli, mtoto wa dada yangu. Nilikupa kisichokuwa changu, na kosa si lako. Ukitaka cha mjomba wako, nina nguruwe mmoja na mikono hii miwili, chukua leo hii, na nitashukuru. Hii,” akaweka kiganja juu ya jenereta, “ni ya Torika. Ni ya Akosita. Ni ya kila mwanamke aliyesimama pale juu, na ni ya Unaisi, mke wangu. Ukiitaka, waombe wao. Na wakisema hapana, basi ni hapana, hata kama mwombaji ni mimi.”